Ngalawa Inapobaki Nyuma: Kutafuta Chanzo cha Siku Mbaya ya Mashindano katika Maji ya Dar es Salaam

Nahodha anayemaliza mashindano akiwa wa mwisho huwa na majibu matatu karibu naye: upepo ulikuwa mbaya, chombo ni kizito, au kuna mtu aliyemwendea kwa mganga. Majibu hayo yana kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba hayamwambii afanye nini kesho. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya manahodha na mabaharia wa ngalawa wanaoshindana kati ya Kunduchi, Msasani na Kigamboni, na unazichukua dalili kama zinavyojitokeza siku ya mashindano, kisha unaeleza chanzo cha kila moja, namna ya kukithibitisha na namna ya kukiondoa. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime: siku nyingi zinazosemekana kupotezwa na upepo zimepotezwa na maji ya kupwa na kujaa ambayo nahodha hakuyahesabu, na nyingi ya zile zinazobaki zimepotezwa na kamba ambayo haikukazwa chombo kilipokuwa bado ufukweni.

Uchunguzi wa kwanza: mtazame jirani

Kabla ya kugusa kamba yoyote, mtazame jirani. Ikiwa chombo chako kimepunguza mwendo na vyombo vilivyo karibu nawe navyo vimepunguza, chanzo kipo nje ya chombo: ni upepo au ni maji. Ikiwa wao wanakwenda na wewe umesimama, chanzo unacho mwenyewe, ama kwenye tanga, ama kwenye sehemu ya chombo iliyo chini ya maji, ama kwa watu uliowabeba. Ikiwa walioshika upande mmoja wa bahari wanakwenda na walioshika upande mwingine wamesimama, kosa liko katika njia iliyochaguliwa.

Uchunguzi huu hauchukui hata dakika moja, lakini wanaoufanya ni wachache, kwa kuwa mtu aliyekasirika hulitazama tanga lake tu. Huanza kuvuta demani, kamba ya kulikazia tanga, na kulegeza henza, kamba ya kulipandishia, bila mpango, na baada ya nusu saa hakuna anayekumbuka chombo kilikuwa kimefungwa vipi wakati kilipokuwa kikienda vizuri. Badili kitu kimoja, subiri dakika mbili au tatu, jilinganishe na jirani yuleyule, ndipo ubadili cha pili.

Chombo kinakata maji vizuri, lakini alama ya mbele haikaribii

Dalili hii huumiza kuliko zote, kwa sababu kila kitu kinaonekana sawa. Tanga limejaa, maji yanachirizika ubavuni, mabaharia wamekaa mahali pao, lakini mnazi uliokuwa ubavuni mwako nusu saa iliyopita bado uko ubavuni mwako. Chanzo chake karibu kila mara ni mkondo wa maji.

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka maji kupwa hadi maji kujaa hupita saa sita na dakika chache, na kila siku nyakati hizo huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko za jana yake. Wakati wa bamvua, katika siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kimo kati ya kupwa na kujaa hapa Dar es Salaam hupita mita 3. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hushuka hadi karibu na mita 1. Maji hayo hayasogei kwa kasi moja muda wote. Kanuni ya makadirio inayotumiwa na mabaharia duniani kote hugawa kimo chote katika sehemu 12: saa ya kwanza husogea sehemu moja, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu kila moja, ya tano mbili, na ya sita moja. Kwa bamvua ya mita 3, maana yake ni sentimita 25 katika saa ya kwanza, lakini sentimita 75 katika saa ya tatu na nyingine 75 katika ya nne. Nusu ya maji yote hupita katika saa mbili za katikati, na hizo ndizo saa ambazo nahodha asiyejua ratiba hujikuta anapambana na bahari nzima.

Chukua mashindano yanayoanzia ghuba ya Msasani, yanayozunguka kisiwa cha Bongoyo na kurudi, wakati wa kusi, yaani upepo unaotoka kusini. Kwenda ni rahisi, kwa kuwa upepo unasukuma kutoka tezi, yaani nyuma ya chombo. Kurudi ni kupiga bisho, yaani kusafiri dhidi ya upepo. Ghuba hiyo imefunguka upande wa kaskazini, hivyo maji yanapokupwa hutoka kuelekea huko, na nje ya visiwa upo mkondo mkubwa wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao huelekea kaskazini mwaka mzima na huongeza kasi nyakati za kusi. Ngalawa inayopiga bisho kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa inaweza kuwa inajongea kuelekea unakotoka upepo kwa kilomita 2 tu kwa saa, kwa sababu njia yake ni ya kwenda kombo huku na huku. Ikikutana na mkondo wa kilomita moja na nusu kwa saa, kinachobaki ni nusu kilomita. Nahodha huyo atalilaumu tanga, na tanga halina kosa lolote.

Kuthibitisha si kazi ngumu. Tazama boya au mashua iliyotia nanga: ukiona maji yanachora mkia nyuma yake, mkondo upo, na urefu wa mkia hukuonyesha nguvu yake. Njia nyingine ni ile ambayo wavuvi wetu wameitumia kwa vizazi kupata miamba yao, yaani kulinganisha vitu viwili vya nchi kavu, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, kwa mfano mnazi ulio ufukweni na mnara ulio nyuma yake. Vikiendelea kukaa katika mstari mmoja, hutelezi pembeni. Cha mbele kikianza kuachana na cha nyuma, maji yanakuchukua. Mwenye simu iliyofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji anaweza pia kusoma mwendo wake halisi juu ya ardhi, na tofauti kati ya mwendo huo na mwendo anaouona ubavuni mwa chombo ndiyo mkondo.

Tiba ya kwanza hufanyika siku kadhaa kabla: pata jedwali la maji kupwa na kujaa la bandari ya Dar es Salaam, andika saa za siku ya mashindano, na uamue mapema ni mguu upi wa safari utakaokutana na mkondo mkali. Tiba ya pili ni njia. Katika maji mafupi ya pembezoni mkondo huwa dhaifu kuliko katika mlango wenye kina, kwa hiyo chombo chepesi kama ngalawa kinaweza kunufaika kwa kusogea kando, mradi nahodha ajue miamba ilipo na maji yanaelekea wapi, kwa sababu anayekwama juu ya mwamba maji yakiwa yanakupwa atasubiri hadi yarudi. Tiba ya tatu hushangaza wengi: upepo ukipungua hadi chombo kikaanza kurudi nyuma, na kanuni za mashindano zikiwa haziikatazi, tia nanga. Aliyesimama mahali pamoja anawaacha wote wanaochukuliwa na maji huku matanga yao yakiwa juu. Nanga hiyo ishuke mchangani. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini zilitangazwa kuwa hifadhi za bahari mwaka 1975, na matumbawe yanayovunjwa na nanga ya dakika kumi huchukua miaka mingi kuota tena. Hakuna ushindi unaostahili gharama hiyo.

Chombo hakipandi upepo, kinateleza ubavu

Ikiwa jirani aliyeanza nyuma yako sasa yuko upande wa goshi, yaani upande unakotoka upepo, na nyote mko katika maji yaleyale, basi mkondo hauhusiki. Hapa vyanzo ni vingi na mara nyingi huja viwili viwili, kwa hiyo vifuate kwa utaratibu huu.

Anza na demani. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuivuta kamba hiyo mpaka tanga linakuwa ukuta. Tanga lililokazwa kupita kiasi huonekana limejaa, tena huonekana lina nguvu, lakini nguvu hiyo inakisukuma chombo ubavu badala ya kukipeleka mbele. Ilegeze taratibu mpaka sehemu ya mbele ya tanga, iliyo karibu na foromali, ule mti unaolibeba tanga, ianze kutikisika. Kisha ivute kidogo tu, mtikisiko ukome. Mahali hapo ndipo pa kuanzia. Kufunga nyuzi nyepesi za sufi pande zote mbili za tanga, kiasi cha hatua moja nyuma ya foromali, husaidia sana: nyuzi za pande zote zikilala kuelekea nyuma kwa utulivu, upepo unapita sawasawa, za upande wa demani (upande unakokwenda upepo) zikianza kuruka ovyo, tanga limekazwa mno, za upande wa goshi zikiruka, tanga limelegea au chombo kimepandishwa upepo kupita kiasi.

Chanzo cha pili ni henza iliyonyooka. Kamba ya naili hurefuka inapobeba mzigo, na saa moja ya kusi kali inatosha kuishusha foromali kwa kiasi ambacho jicho halikioni kirahisi. Paka alama ya rangi kwenye mlingoti mahali foromali inapokaa chombo kikiwa tayari ufukweni, nawe utaona mara moja kama imeshuka. Kamba ya poliesta hunyooka kidogo kuliko ya naili, na kwa kazi ya henza ningependa kila nahodha ayatumie hapo mapato yake ya kwanza, kabla ya kufikiria rangi mpya ya chombo. Pamoja na henza, kagua ncha ya chini ya foromali inayofungwa omo, yaani mbele ya chombo. Ikiwa imelegea, tanga zima huhama na kuzunguka kila upepo unapobadilika nguvu, na hakuna demani itakayoweza kulirekebisha.

Chanzo cha tatu ni kitambaa chenyewe. Tanga lililochakaa huvutika katikati na tumbo lake huhamia nyuma, karibu na ukingo wa mwisho. Lilaze mchangani, livute pembe zake tatu, na utazame linapokataa kulala: tumbo linapaswa kuwa katika sehemu ya mbele na ya kati, lisiwe nyuma. Kukaza upya kamba zinazolishikilia kwenye foromali kunaweza kurudisha sehemu ya umbo lake, hasa katika kusi. Likiwa limevutika sana, mpelekee fundi akate na kushona upya kipande cha nyuma; kuongeza viraka juu ya viraka kunaongeza uzito tu. Matanga mengi ya sasa yameshonwa kwa maturubai, ambayo ni imara dhidi ya mvua lakini hayakufumwa kwa kazi hii, na hunyooka kwa pembe. Nalisema hili bila kumlaumu mvuvi ambaye kitambaa bora kimemzidi bei.

Chanzo cha nne kiko chini ya maji. Majani na viumbe vya bahari vinavyong'ang'ania ubao hupunguza mwendo, na mwendo ukipungua mteremko wa ubavu huongezeka, kwa kuwa ngalawa haina mkuku mrefu, yaani mti wa chini ya chombo, wa kuizuia na hutegemea kasi yake yenyewe kushika njia. Chombo kinacholala majini wiki nzima kipandishwe ufukweni angalau siku mbili kabla, kisuguliwe na kikauke, kwa sababu gogo la mwembe lililolowa huwa zito kuliko lililokauka.

Vyanzo hivyo vinne vikiondolewa na chombo bado kinateleza, basi nahodha ndiye anayekilazimisha. Umbo la ngalawa lina mpaka wake wa kupanda upepo. Anayeelekeza omo karibu mno na unakotoka upepo huona kwamba ameelekea vizuri, lakini chombo kinapoteza kasi, na kikishapoteza kasi kinashuka ubavu. Achia kidogo, kipe chombo mwendo kwanza, kisha ukipandishe polepole. Njia ndefu kidogo inayopitwa kwa kasi humfikisha mtu mapema kuliko njia fupi inayopitwa kwa kuburuzika.

Tengo la upande wa demani linazama

Matengo, yale mabawa mawili ya pembeni, yapo ili kukizuia chombo kisilale. Tengo linapozama na kulima maji, hugeuka kuwa breki, na tena breki ya upande mmoja, ambayo huivuta omo kuelekea upande wa demani. Kwa hiyo nahodha anayelalamika kwamba chombo kinakataa kurudi kwenye upepo atazame tengo kabla hajautazama usukani.

Chanzo cha karibu ni watu kukaa vibaya. Mabaharia wanapaswa kuhamia upande wa goshi mapema, kabla upepo mkali haujafika, na kutoka nje juu ya miti ya matengo kadiri nguvu inavyoongezeka. Ishara ya upepo unaokuja ni maji kuwa meusi na kukunjamana kwa mbali. Baharia mmoja apewe kazi ya kuitazama na kuitangaza. Watu wakikaa omo kupita kiasi chombo huzika pua. Wakikaa tezi mno, nyuma huburuta maji na kuacha msukosuko mkubwa. Njia ya maji iliyo nyuma ya chombo ikiwa laini na nyembamba, watu wamekaa panapofaa.

Chanzo cha mbali, na cha hatari zaidi, ni mafundo. Miti ya matengo imefungwa kwa kamba, na kamba hizo hulegea kidogo kidogo kila siku chombo kinapopigwa na mawimbi. Asubuhi ya mashindano, kabla ya kukishusha chombo, shika ncha ya kila tengo, inua na utikise kwa nguvu. Ukisikia mlio wa mti kusugua mti, au ukiona ncha inacheza na gogo la katikati limetulia, fungua fundo lote na ufunge upya. Kuongeza mizunguko juu ya fundo lililolegea hakusaidii, kwa sababu kilicholegea kiko ndani. Kisha kielee chombo kikiwa na watu wote na utazame matengo yote mawili kutoka ufukweni. Moja likiwa limezama ilhali jingine liko hewani na hakuna upepo, ama mti mmoja umepinda, ama ubao mmoja umenyonya maji.

Ikiwa watu wamekaa vizuri, mafundo ni imara na tengo bado linazama, basi tanga ni kubwa kuliko upepo wa siku hiyo. Nguvu ya upepo haipandi sawa na kasi yake: kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne, na kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 30 msukumo huwa zaidi ya maradufu. Tanga dogo lililosimama wima litaishinda siku hiyo dhidi ya tanga kubwa lililolala.

Usukani ni mzito na omo inakimbilia upepo

Hali hii ni kinyume cha ile iliyotangulia, na haina mambo mengi. Tanga linavuta nyuma mno ya chombo. Legeza demani kwanza; kisha rudisha watu wawili kuelekea tezi; jioni ile, kagua kama mlingoti umeegemea nyuma kuliko ulivyowekwa na fundi. Usukani unaoshikwa kwa mikono miwili muda wote umekaa kombo ndani ya maji, na kila dakika inayopita hivyo inapunguza mwendo.

Maji yanajaa ngamani kuliko kawaida

Lita moja ya maji ya bahari ina uzito unaozidi kilo moja kidogo. Lita 60 ngamani, yaani chini ndani ya chombo, ni sawa na kubeba abiria mzima, tena abiria anayekimbilia upande wa chini kila chombo kinapolala. Baharia wa kufua maji (kuyachota na kuyamwaga nje) asionekane kuwa ndiye mwenye kazi duni. Mara nyingi yeye ndiye anayeamua nafasi ya tatu itakwenda kwa nani.

Kujua maji yanapoingilia kwa kutazama kutokea ndani ni vigumu, kwa kuwa yanakusanyika mahali pengine. Kipandishe chombo mchangani, kikalishe juu ya magogo, mimina ndoo kadhaa ndani, na utazame kwa nje yanapotokea. Ufa ulio kwenye kiungo hutiwa kalafati, yaani huzibwa kwa pamba. Ufa unaofuata mshipa wa gogo, hasa karibu na tundu la mlingoti, ni suala la fundi, na chombo chenye ufa huo kisishindane. Miembe mikubwa ya kuchonga ngalawa haipatikani kirahisi karibu na jiji kama zamani, na gogo lililopasuka kwa kulazimishwa halibadilishwi kwa wiki moja.

Kila mnapogeuza tanga mnapitwa

Tanga letu haligeuki lenyewe. Foromali na tanga lazima vihamishwe kupitia mbele ya mlingoti, na chombo kigeuzwe kwa kuupitisha upepo tezi, jambo linalogharimu mita nyingi hata likifanywa vizuri. Likifanywa vibaya hugharimu mashindano. Vyanzo ni viwili. Cha kwanza ni kugeuza mara nyingi kupita haja: manahodha wengi hugeuza kila mara jirani anapogeuza, ilhali njia mbili ndefu zingewafikisha kwa hasara ndogo kuliko njia sita fupi. Cha pili ni amri kutoka kwa watu watatu. Nahodha atoe amri, baharia mmoja aachie demani, mmoja aipokee foromali, mmoja apitishe pembe ya tanga mbele ya mlingoti na kuikaza upande wa pili, na wengine wahame pande kwa zamu. Wafanye hivyo mara ishirini mfululizo katika siku ya upepo mdogo, wakiwa peke yao, na watajua ni mkono wa nani unaochelewa.

Upepo umekufa katikati ya mashindano

Hapa lazima kutofautisha upepo uliokufa baharini kote na upepo uliokufa mahali ulipo wewe. Asubuhi katika miezi ya kusi upepo wa Dar es Salaam mara nyingi hutoka kusini-magharibi, kutoka nchi kavu, nao ni dhaifu. Jua linapopanda na ardhi kupata joto, upepo wa baharini huingia, na mwelekeo huhamia kusini-mashariki na kuongezeka nguvu hadi alasiri. Kati ya pepo hizo mbili hupita muda wa ukimya, na nahodha asiyeutarajia hudhani siku imeisha. Katika muda huo jongea upande wa mashariki wa njia, kwa maana upepo mpya utamfikia kwanza aliye huko, na atakapoupokea atakuwa tayari yuko goshini kwa wenzake.

Upepo uliokufa mahali ulipo wewe tu ni jambo jingine. Rasi ya Msasani imejaa miti na majengo marefu ya Masaki na Oysterbay, na upepo wa kusi hulazimika kupita juu ya vitu hivyo kabla ya kuifikia ghuba. Kizuizi huvuruga upepo kwa umbali wa mara kumi hadi ishirini ya kimo chake, kwa hiyo jengo la mita 30 linaweza kukuharibia mita 300 hadi 600 za maji yaliyo nyuma yake. Wanaorudi kutoka Bongoyo hupenda kujibanza kando ya rasi kwa sababu maji yametulia, na huko ndiko wanakokaa wakitazama wenzao wakipita katikati ya ghuba. Maji yaliyotulia kupita kiasi ni ushahidi kwamba upepo haufiki.

Kuanza vibaya

Anayechelewa kwenye mstari wa kuanzia kwa kawaida hakukosa kasi, alikosa saa. Awe na saa moja inayosomwa kwa sauti na mtu mmoja, na awe amepima kabla ni sekunde ngapi chombo chake kinachukua kutoka kusimama hadi kukolea mwendo.

Mabaharia wamechoka na wanagombana

Ugomvi ndani ya chombo huchukuliwa kuwa ni tabia, lakini tazama saa kwanza. Ukianza saa sita mchana, jua likiwa utosini, na maji ya kunywa yakiwa ndoo moja ya watu watano, basi kufika saa nane akili imepungua kabla ya misuli. Kila mtu awe na chupa yake, iliyofungwa mahali anapokaa, na anywe kabla hajasikia kiu. Maneno ya nahodha nayo yana kazi. Baharia aliyefokewa mbele ya wenzake huacha kutangaza upepo unaokuja kwa kuogopa kukosea, na chombo kinakuwa kimepoteza macho yake. Makosa yazungumzwe ufukweni, na majini itolewe amri tu.

Mawimbi yamekuwa makubwa na nahodha anasita kurudi

Kusita huku kuna chanzo kinachoeleweka: watu wametoa fedha, ndugu wako ufukweni, na kurudi kunaonekana kama aibu. Ndiyo maana uamuzi ufanyike kabla ya kushusha chombo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari kwa watumiaji wa bahari inapotarajia upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Tahadhari hiyo ikiwa imetolewa kwa pwani ya Dar es Salaam, ngalawa ibaki mchangani, hata kama asubuhi bahari imelala na waandaaji hawajasema neno. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani, vyombo vikubwa mara nyingi kuliko ngalawa vilisimamisha safari za Zanzibar.

Aliye tayari majini ashushe tanga mapema, wakati mikono ingali na nguvu ya kulishusha. Wingu jeusi lenye ukingo ulionyooka chini yake na mvua inayoonekana kwa mbali huja na upepo wa ghafla unaotangulia mvua yenyewe, na dakika za kufanya kazi hiyo ni chache. Chombo kikipinduka, kila mtu akishike na asiogelee kuelekea nchi kavu, hata kama ufukwe unaonekana karibu. Gogo la mti huelea, huonekana na waokoaji kirahisi kuliko kichwa cha mtu mmoja, na matengo hutoa mahali pa kushika. Maboya ya kujiokolea yavaliwe tangu mwanzo. Boya lililofungwa chini ya ubao halivaliki ndani ya maji na mtu aliyeshtuka.

Baada ya kurudi ufukweni

Jioni hiyohiyo, kabla ya kuzungumza na washindi, andika mambo haya: saa ya kuanza na ya kumaliza, saa za kupwa na kujaa, upepo ulitoka wapi kila saa, mahali ulipopitwa na chombo kilichokupita kilikuwa upande gani wa njia. Tazama alama ya henza kwenye mlingoti, tikisa matengo, pima maji yaliyobaki ngamani. Ukifanya hivyo kwa mashindano matatu au manne, safu moja katika daftari itaanza kujirudia, na hiyo ndiyo ya kushughulikiwa kwanza. Tanga lisuuzwe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi iliyobaki huvuta unyevu na kuozesha nyuzi za mshono, kisha lianikwe kivulini likauke kabisa kabla ya kukunjwa.